Kava la DVD halivutwi likaenea: kulisafisha na kulihamishia kwenye kasha jembamba

*Swali:* Assalamu alaikum fundi. Nyanya yangu na wenzake wa ngoma ya lelemama walirekodiwa mwaka 2007 hapa Mombasa. Kava la DVD hiyo limebaki moja tu, lina mkunjo na doa la chai. Aliyelidizaini yuko Oman siku hizi, anasema kompyuta ile ilishakufa. Amenitumia picha ya kava kwa WhatsApp, ina pikseli 1600 kwa 1072. Nataka kutoa kopi 60 za familia. Makasha niliyonunua ni yale membamba. Nikilipunguza kava lote kwa uwiano, juu na chini panabaki peupe. Nikibana upana peke yake, jina la mgongoni linaangukia upande wa mbele. Nikichapisha, maandishi yana ukungu. Tena nataka kufuta nambari ya simu ya mpiga video. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha; rafiki yangu aniambia bila Photoshop sifiki popote. Nifanyeje? (Msomaji, Majengo)

*Jibu:* Waalaikum salaam, mwanangu. Tuanze na rafiki yako tummalize mapema. GIMP yakutosha, na ni ya bure. Kila nitakalokueleza hapa limo katika programu zote mbili, menyu tu ndizo zinazotofautiana. Kilichokuangusha si programu. Umelishika kava kama picha moja, na kava la DVD ni vipande vitatu vilivyoshikana.

Chukua rula. Kava la kasha la kawaida likikunjuliwa ni milimita 273 kwa 183. Ukilitazama kwa upande uliochapishwa, kushoto ni nyuma, kulia ni mbele, kila kimoja milimita 129.5, na katikati umepita mgongo wa milimita 14. Kasha jembamba lililozoeleka lina mgongo wa milimita 7. Nyuma na mbele hazikubadilika hata kidogo. Kilichokonda ni mgongo peke yake, ndiyo jumla ikashuka kuwa 266. Sasa tazama ulichofanya. Ulipobana 273 kuwa 266, mgongo wako ulitoka 14 ukawa 13.6, nao una nafasi ya milimita 7 tu. Zile 6.6 zilizobaki zilimwagika, nusu nyuma na nusu mbele, na jina likaenda nazo. Ulipopunguza kwa uwiano, urefu ukashuka kutoka 183 hadi kama 178, ukapata peupe pa karibu milimita 5. Hesabu haikukosea, ila wewe uliipa kazi isiyokuwa yake.

Kabla hujagusa kompyuta, pima makasha yenyewe. Hayo membamba hayafanani yote, yapo yenye mgongo mwembamba zaidi na yapo mapana kidogo. Kata karatasi nyeupe ya 266 kwa 183, ikunje, itie ndani ya plastiki, ufunge kasha. Ikibenuka au ikielea, rekebisha karatasi hiyo kwanza, na vipimo vyake ndivyo utakavyovifuata. Mimi nitaendelea na 7.

Sasa ile picha ya WhatsApp. Pikseli 1600 zikitandazwa kwenye milimita 273 ni kama 149 kwa kila inchi. Chapa safi yataka 300. Una nusu ya unachohitaji, na hiyo nusu nayo imeshakandamizwa njiani, ndiyo maana ukingo wa kila herufi una vumbivumbi. Ukiilazimisha ikue maradufu, programu itabuni pikseli za katikati, na utapata picha kubwa yenye ukungu mkubwa. Kuna programu za akili mnemba zinazodai kukuza picha. Jaribu ukipenda, lakini mtazame nyanya yako kwa makini baadaye. Mimi nimeona zikimpa mtu meno yasiyo yake.

Kwa hiyo ile ya WhatsApp iweke ya kukumbukia rangi. Mwulize yule wa Oman swali jingine: barua pepe anayo ile ile ya zamani? Wadizaini wengi wakati ule walikuwa wakituma faili kwa mchapishaji kwa barua pepe, na sanduku la zilizotumwa halifi pamoja na kompyuta. Akilipata, akutumie kama dokumenti, si kama picha. Kisha muulize nyanya kuhusu albamu. Ile picha ya mbele, ya wanawake wanane chini ya mbuyu wa Mama Ngina, huenda ilisafishwa studio kwa karatasi ya picha. Ikiwa ipo hata ya sentimita 10 kwa 15, hiyo ni dhahabu kuliko kava lenyewe, kwa sababu haina vidoa vya chapa, vile vitone vidogo vya wino vinavyounda picha iliyochapishwa. Skani hiyo kwa 600 na upande wa mbele umeupata bila jasho.

Tuseme hukupata chochote, una lile kava moja. Litoe kwenye plastiki polepole. Kwa joto na unyevu wetu huu wa pwani, wino hugandia plastiki, na ukivuta kwa pupa utabaki na uso wa mtu upande wa pili. Likigoma, kata ile plastiki ya nje kwenye kasha kwa wembe na uliskani likiwa ndani yake. Kasha ni la shilingi chache.

Kioo cha skana kifute kwanza. Skani kwa pikseli 600 kwa inchi, uhifadhi kwa TIFF au PNG. Usihifadhi kwa JPEG katika hatua yoyote ya kazi, maana kila ukihifadhi upya inakula kidogo. Kava zima litakupa kama pikseli 6449 kwa 4323. Usiogope uzito wa faili.

Mkunjo nao una siri yake. Taa ya skana huangaza kutoka upande mmoja, kwa hiyo mkunjo hutupa kivuli kama ukuta wa saa kumi alasiri. Skani mara mbili: mara ya pili geuza kava, juu iwe chini. Ndani ya GIMP igeuze ile ya pili irudi wima, iweke juu ya ya kwanza, zilinganishe mpaka herufi zikaliane, kisha hali ya leya (tabaka la picha) ya juu iwe ile inayoonyesha chenye mwanga zaidi. Kivuli cha kila upande kinafutwa na mwenzake. Mkunjo hautoweki, lakini ule ukuta unakuwa uzi, na uzi ndio tunaoweza kuushona.

Ukiona mawimbi au vimraba kwenye mbingu au mashavu, hayo ni vidoa vya chapa ya 2007 vikigombana na skana. Skana nyingi zina chaguo la kuyaondoa, liwashe. Kama yako haina, tia ukungu mdogo sana kwenye picha ikiwa bado kwenye 600. Ukija kuishusha hadi 300, vidoa vimeyeyuka na picha imebaki.

Kusafisha ndiko kwenye kazi, na hapa ndipo watu huharibu. Sheria yangu ni moja: picha ya asili haiguswi. Fungua leya mpya tupu juu yake, na kila unachopaka kiende huko, huku kifaa chako umekiambia kichote kutoka leya zote zinazoonekana. Siku nyanya akisema "huyu si Bi fulani tena", unafuta leya moja tu.

Utatumia vifaa viwili. Chenye picha ya mhuri hunakili pahala na kupabandika pengine bila kubadilisha kitu. Chenye picha ya plasta ya kidonda hunakili umbile la uso wa ngozi au kitambaa tu, rangi na mwanga inaazima kwa jirani. Plasta ni tamu kwenye mbingu, bahari na mashavu. Ila ikikaribia ukingo mkali, kama pale weusi wa nywele unapokutana na anga, inaazima weusi na kuacha tope. Kwenye kingo tumia mhuri, na brashi yenye ncha ngumu kidogo.

Nimeitazama picha uliyoambatisha. Mkunjo unaanzia kwenye shina la mbuyu, unapita shavu la yule mama wa tatu kutoka kushoto, unashuka kwenye leso yake. Mbuyu ni rahisi: gamba lake halina mpango, chota popote karibu. Usichote mara kwa mara pahala pamoja tu, yatatokea mapacha na jicho litayaona. Leso ndiyo mtihani. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, waweza kusamehe kosa; pindo la ukingoni halisamehe. Pindo linajirudia, tafuta rudio lililo zima, ushike mhuri kwenye kona maalumu ya ua, mfano ncha ya jani, kisha ubandike kwenye ncha ya jani ile ile katika rudio lililovunjika. Ukipata ncha hiyo sawasawa, ua lote litakaa. Ukikosa kwa pikseli tatu, mwanamke yeyote wa Kibokoni atakwambia leso hiyo ni feki. Mahali kitambaa kimejikunja, chota kutoka kwa mwenzake aliyevaa sare. Nao wamevaa leso moja, shukuru.

Shavuni tumia plasta na brashi ndogo, ukuzaji uwe asilimia 100, mguso mmojammoja, si kupaka kama chokaa. Acha mistari ya umri. Sisi hatumpeleki saluni, tunatoa mkunjo wa karatasi.

Doa la chai usilifute kwa mhuri. Katikati ya doa picha ipo nzima, imegeuka rangi tu. Fungua leya nyingine, hali yake iwe ya rangi pekee, chota buluu ya bahari iliyo safi kando yake, paka juu ya doa. Mawimbi yatabaki, ukahawia utaondoka. Ule ukingo mweusi wa doa, pale chai ilipokaukia, ndio unaohitaji plasta.

Kuhusu rangi kufifia: kava lako limekuwa la kijanibuluu kwa kukaa juani. Kwenye dirisha la viwango vya rangi kuna vidondoshi vya cheusi na cheupe. Cheupe kibofye kwenye kanzu ya mpiga zumari aliye pembeni, pahala penye mwanga lakini si panapometameta. Cheusi kibofye kwenye mkunjo wa lile buibui alilolikumbatia mama wa mwisho. Hatua hizo mbili hurudisha zaidi ya nusu ya rangi. Kilichobaki, nyanya akae kando yako akwambie leso ilikuwa nyekundu ya namna gani.

Sasa ndipo tunajenga. Fungua karatasi mpya ya milimita 272 kwa 189, pikseli 300 kwa inchi, yaani 3213 kwa 2232. Mbona si 266 kwa 183? Kwa sababu kisu hakifuati mstari kama malaika. Kila upande tunaacha milimita 3 za picha zitakazokatwa, kisu kikipotea kidogo kisiache uzi mweupe. Weka mistari ya mwongozo ya wima kwenye milimita 3, 132.5, 139.5 na 269. Ya mlalo kwenye 3 na 186. Kati ya 132.5 na 139.5 ndio mgongo.

Toka kwenye skani safi, kata kipande cha mbele peke yake: pikseli 3059 kwa 4323. Kipime urefu uwe 2232, upana ujifuate wenyewe kwa kile kifungo cha mnyororo kikiwa kimefungwa. Upana utatoka kama 1579. Unahitaji 1565, yaani milimita 129.5 za mbele na 3 za kukatwa; mgongo usiuhesabu. Zile 14 za ziada zitaishia nje ya ukingo. Kwa mpigo mmoja umeshuka kutoka 600 hadi 300 na umepata ile ziada ya kukatwa. Hakikisha tu hakuna kichwa wala kidole cha mguu ndani ya milimita 5 za ukingo. Fanya vivyo hivyo na cha nyuma. Na ni mara moja: usipunguze, ukabadili nia, ukakuza, ukapunguza tena. Ukikosea, rudi kwenye skani.

Mgongo wa zamani utupe. Jaza nafasi ile kwa rangi moja iliyochotwa kwenye pindo la leso, uandike jina upya. Herufi zisizidi kimo cha milimita 4, maana kukunja kwa mkono hukosea hata milimita nzima. Jina lisomeke kutoka juu kwenda chini, ili kasha likisimamishwa kabatini msomaji ainamishe kichwa kulia.

Maandishi yote mengine nayo, mbele na nyuma, usiyasafishe. Yafunike kwa mhuri au kwa rangi ya nyuma yake, kisha uyaandike upya kama maandishi halisi. Herufi iliyoskaniwa, hata uitibu vipi, haiwi kali kama iliyoandikwa. Ukihisi maandishi ya nyuma ni mengi, yapange kwenye Inkscape au Scribus, programu za kuchora na kupanga kurasa, nazo ni za bure, ukiwa umeiingiza picha kama mandhari. Hapo nambari ya simu inaondoka yenyewe, kwa kuwa hutaiandika. Jina la mpiga video lakini liandike. Nambari imekufa, kazi yake ipo.

Ile nembo ya DVD iliyoko kona ya nyuma usihangaike kuichora upya. Ni alama ya biashara yenye leseni, na kopi za familia hazihitaji. Kama kuna msimbo wa mistari, utoe. Msimbo ni wa bidhaa ya dukani, na ukikuzwa au kubanwa ovyo mashine haiusomi. Mkija kutaka kuuza hadharani, hapo mtapita kwa KFCB (bodi ya kuainisha filamu Kenya) na KECOBO (bodi ya hakimiliki) kwanza, na kava mtaliachia nafasi ya stika.

Nikwambie yaliyonipata mimi. Niliwahi kupeleka makava 100 ya harusi kwa mchapishaji mmoja mjini, kila kitu kimepimwa sawasawa. Yalirudi mazuri, rangi safi. Mama wa bibi harusi akatia la kwanza kwenye kasha mbele yangu, akalitikisa, likacheza ndani kama punje kwenye kibuyu. Printa ilikuwa imewekwa ijitoshee kwenye karatasi, ikapunguza kila kitu hadi asilimia 97. 273 ikawa 265, na hakuna aliyeona mpaka rula ilipoletwa. Nililipa karatasi mara ya pili kutoka mfukoni. Tangu siku hiyo, pembeni ya kila karatasi, nje ya eneo la kukatwa, nachora mstari wa milimita 100 kamili. Karatasi ya kwanza ikitoka, napima mstari huo kabla ya kuangalia hata picha. Wewe una nafasi: A4 ni 297 kwa 210, kava lako lililolazwa linaacha zaidi ya sentimita moja kila upande wa ubavuni, na kama sentimita moja juu na chini. Mwambie wa printa asilimia 100, na usimame hapo.

Toa PDF ya kuchapishia, faili lenye leya ulihifadhi kando na kopi yake kwenye flashi. Muulize mchapishaji kama anataka rangi za CMYK, yaani zile nne za wino wa mashine, au atabadilisha mwenyewe. Mashine nyingi za kidijitali hubadilisha zenyewe. Kwa vyovyote, ile buluu ya bahari inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta haitang'aa hivyo kwenye karatasi. Usimgombeze mtu. Karatasi iwe ya kung'aa ya gramu 130 hadi 150. Wengine hupenda ngumu ya 300, lakini hiyo inapigana na plastiki na haikunjiki vizuri.

Kwenye mgongo wa rangi nzito wino wa leza huchubuka mkunjoni. Kwa hiyo usikunje kwa kucha. Weka rula ya chuma kwenye mstari, pitisha mgongo wa kisu au kalamu iliyokauka upate mfereji mdogo, ndipo ukunje. Chapisha moja, pima mstari, kata, kunja, tia kwenye kasha, lifunge na ulifungue. Ikiingia bila kulazimishwa na jina likakaa katikati ya mgongo, agiza 63, maana tatu utaziharibu kwenye kukata.